Video inakwenda mrama: kutafuta kasoro ya stabilaiza ya kujitengenezea

Ukiona video inayumba ilhali stabilaiza, kifaa cha kutuliza kamera, unayo mkononi, usikimbilie kuongeza washa, vile vyuma bapa vya duara vyenye tundu, kama uzani. Kosa hili naliona mara kwa mara. Kijana amekwenda kwa fundi wa kuchomelea, amekatiwa bomba, amefunga kamera juu na vyuma chini, ametoka nayo hadi ufuoni Mama Ngina, hapa Mombasa, kupiga machweo. Akifika nyumbani na kuitazama, bahari inapanda na kushuka. Kesho yake anarudi kwa fundi kuomba chuma kingine, na chuma hicho mara nyingi huzidisha ugonjwa badala ya kuuponya.

Nazungumzia kile kifaa cha mkononi kisicho na mota wala betri. Ni bomba moja la alumini la sentimita 40 hadi 50, juu yake kibao cha kubebea kamera, chini yake uzani. Chini kidogo ya kamera pana kiungo kinachogeuka pande zote, na kiungo hicho ndicho kinachokaa juu ya mpini. Wengi wetu tunakitengeneza kwa beringi za viatu vya magurudumu, zile zenye tundu la milimita 8 na kipenyo cha milimita 22, pamoja na kiungo cha msalaba kilichotolewa kwenye gari la kuchezea la rimoti. Mkono ukipinda au ukitetema, kiungo kinatakiwa kiumeze mtetemo kabla haujaifikia kamera.

Basi anza kwa kuitazama video, spana iache mezani. Ifungue kwenye skrini kubwa, tafuta mstari ulionyooka ndani ya picha, fremu ya mlango, nguzo, upeo wa bahari, kisha uufuate kwa macho. Mstari ukiegemea taratibu upande mmoja na kurudi, kwa sekunde moja au zaidi, kasoro iko kwenye uzani. Ukipanda na kushuka kwa kila hatua unayopiga, kasoro iko miguuni. Ukitetema haraka haraka kama waya ulioguswa, tazama kiungo, nati, vidole vyako au upepo. Na mstari ukijikunja, picha ikawa kama uji unaotikiswa, hapo kifaa hakina kosa, muulize kamera.

Picha inabembea kila unapoanza kutembea au kusimama

Hii ndiyo dalili kuu, na nimeihangaikia kuliko zote. Katika harusi moja ya Majengo nilikuwa natembea nyuma ya bwana harusi na watu wake wakimpeleka nikahi. Walipokuwa wakienda, picha ilikuwa nzuri. Kila waliposimama, kamera ilikwenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda tena mbele, na ile picha ya pale mlangoni, ambayo ndiyo mama wa kijana angependa kutazama mara mia, ikaharibika yote. Nilikuwa nimefunga chini uzani wa kilo nzima, nikiamini kwamba kizito ndicho kinachotulia.

Aliyenionyesha kosa si mpiga picha. Ni mzee mmoja aliyefanya kazi ya majahazi maisha yake, nilimkuta karibu na bandari ya zamani nikijaribu kifaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione hicho." Akalisukuma bomba kwa kidole kimoja, akalitazama likirudi. "Farumi yako nyingi. Chombo chenye farumi nyingi hakipinduki, lakini kitakurusha."

Ndivyo ilivyo. Farumi ni ule uzito unaowekwa chini ya jahazi ili lisimame wima. Ikipungua, chombo hulala. Ikizidi, kila wimbi likikiinamisha kidogo kinarudi kwa nguvu na kupitiliza upande wa pili. Stabilaiza nayo vivyo hivyo: kitovu cha uzito wa kifaa chote, yaani pale uzito wake wote unapolingana, kikiwa mbali sana chini ya kiungo, kinageuka kuwa pembea. Ukianza kutembea chini kunabaki nyuma, ukisimama chini kunatangulia, na kamera inaifuata. Ndani ya tuktuk ni mbaya zaidi, maana dereva akikanyaga breki tu unapoteza picha nzima.

Kipimo chake hakihitaji chombo chochote. Simama juu ya godoro. Shika mpini, lilaze bomba sambamba na sakafu, kisha liachie huku mtu akihesabu kwa saa ya simu. Hesabu tangu ulipoliachia hadi linapopita wima kwa mara ya kwanza. Sekunde 2 hadi 3 ni sawa. Chini ya sekunde 1, farumi imezidi sana. Likikaa tu pale pale lilipolazwa, au likaenda wima huku kamera ikiwa chini, kitovu cha uzito kimefika kwenye kiungo au kimekipita juu. Kifaa cha namna hiyo hakitabembea, lakini hakijui juu ni wapi, na utashinda ukiishika kamera isilale.

Sasa usipunguze uzani kwa kubahatisha. Chukua mizani ya jikoni na rula. Tuseme kamera na lenzi ni gramu 700, na katikati ya uzito wake iko sentimita 10 juu ya kiungo: 700 mara 10 ni 7,000. Uzani ulioko sentimita 35 chini ya kiungo unatakiwa ulingane na 7,000 hiyo, yaani gramu 200. Ukiacha uzito wa bomba lenyewe, ambao nao unasaidia upande wa chini, hiyo gramu 200 na ushei kidogo ndiyo yote unayoihitaji. Mimi nilikuwa nimefunga 1,000.

Ukishakaribia hesabu hiyo, yaliyobaki ni milimita. Kwa kifaa cha ukubwa huu, tofauti ya sekunde 1 na sekunde 2 hutokana na kitovu cha uzito kusogea kwa milimita chache tu. Kwa hiyo kiungo kifungwe kwa klempu inayoweza kuteleza juu ya bomba, kisichomelewe. Bomba likianguka haraka, legeza klempu, shusha kiungo kidogo sana kukikaribia kitovu cha uzito, kaza, angusha tena. Likichelewa mno, kipandishe. Fundi akitaka kuchomelea kiungo mahali pamoja "ili kiwe imara", mkatalie kwa upole.

Na hapa kuna jambo linalowapita wengi. Unaweza kusawazisha kamera ile ile kwa gramu 400 zilizoko sentimita 17 na nusu, maana 400 mara 17.5 ni 7,000 vile vile. Mizani italingana, lakini utulivu hautalingana. Ukaidi wa kitu dhidi ya kugeuzwa hukua kwa umbali mara umbali. Gramu 200 kwenye sentimita 35 zinatoa ukaidi maradufu ya gramu 400 kwenye 17.5, na mkono wako unabeba nusu ya uzani. Fikiria ngalawa na matengo yake, vile vibao vinavyokwenda mbali kando na si kulundikana karibu na mtumbwi. Ukitaka kifaa kitulie zaidi, refusha bomba na upunguze chuma, au huo uzani wa chini ugawe vipande viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, kila kimoja sentimita 10 hivi kutoka kwenye bomba. Kufupisha bomba ili kifaa kiingie begini huwa ndiyo chanzo cha matatizo ya vifaa vingi nilivyoletewa kuangalia.

Picha imelala upande

Ukipiga ukiwa umesimama tu na upeo wa macho haulali sawa, kifaa hakijasawazishwa kulia na kushoto. Pwani kosa hili halifichiki. Bahari iko nyuma ya kila kitu, na ikiinama kidogo tu mtazamaji anaona kama maji yatamwagika. Mji wa Kale nako, milango ya nakshi na nguzo za roshani za Ndia Kuu zote zimesimama timazi, zinakushitaki.

Weka pimamaji ndogo juu ya kibao cha kamera, au tumia ile ya ndani ya kamera kama unayo. Kwanza rekebisha mbele na nyuma, kisha kulia na kushoto, kwa kusogeza kamera juu ya kibao. Usogezaji ni wa unene wa ukucha. Kwa sababu hiyo matundu ya kibao yawe marefu kama mfereji, ili boliti ya robo inchi iteleze. Matundu ya duara yatakuumiza kichwa siku zote.

Kama kilikuwa sawa jana na leo kimelala, usianze kusogeza kamera. Uliza kwanza ni kitu gani kimebadilika. Skrini ya pembeni imefunguliwa? Kifuniko cha lenzi kinaning'inia? Betri kubwa imewekwa badala ya ndogo? Umezungusha zumu na lenzi ikatoka nje sentimita 3? Mkanda wa shingoni ndio mbaya kuliko vyote, kwa sababu unabembea wenyewe na haukai mahali pamoja. Uvue. Kila kitu utakachokuwa nacho wakati wa kupiga kiwepo wakati wa kusawazisha: kadi, maikrofoni, skrini katika pembe ile ile.

Ukisimama ni sawa, ukigeuka picha inapepesuka

Hii inawachanganya watu, kwa sababu pimamaji inasema kila kitu ni shwari. Lizungushe bomba kwa vidole viwili, mzunguko mmoja kwa sekunde moja au mbili, uliangalie kwa mbali. Likizunguka kama pia iliyopigwa vizuri, huna shida. Likitupa kiuno, uzito wa juu na wa chini haujapangana sawa kuzunguka bomba. Mfano wa kawaida: kamera imesogezwa sana mbele kwa sababu ya lenzi, na uzani wote wa chini umesukumwa nyuma kuifidia. Kwa mizani ya kusimama vimelingana. Vinapozunguka, kila kimoja kinavuta upande wake, na bomba linainama.

Rudisha kamera hadi katikati ya uzito wake ikae karibu kabisa na mstari wa bomba. Utaijua katikati hiyo kwa kuilaza kamera juu ya penseli ya duara, uone inapolingana. Kisha panga uzani wa chini upya, uzungushe tena. Kazi hii inaweza kuchukua jioni nzima mara ya kwanza. Ukimaliza, chora alama kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kibao na kwenye bomba, ili safari ijayo iwe dakika tano.

Picha inaruka kwa kila hatua

Hapa lazima niseme wazi: kifaa chetu hakina dawa ya hili. Mmarekani Garrett Brown alipobuni Steadicam, stabilaiza ya kuvaliwa mwilini, miaka ya 1970, hakuishia kwenye kiungo na uzani uliotawanywa. Aliongeza mkono wenye springi uliofungwa kwenye fulana mwilini, na springi hizo ndizo zinazomeza kupanda na kushuka kwa mwendo. Sisi tuna viwili vya kwanza, cha tatu hatuna. Kiungo kinazuia kamera isiiname, hakiizuii isipande. Springi yako ni magoti na kiwiko.

Kunja magoti kidogo na uyaweke hivyo. Kanyaga kwa kisigino, uumwage mguu taratibu hadi vidoleni. Kiwiko kisigandamizwe ubavuni, kiache sentimita 10 hivi, na mkono wa pili uweke chini ya mkono wa mpini usaidie kubeba. Vua viatu vigumu. Jizoeze ukiwa na glasi ya maji iliyojaa mkononi, kutoka jikoni hadi mlangoni na kurudi, kabla hujarudi kwenye kamera.

Mahali pa kupita nako kuna maana. Kwenye mchanga mlaini wa Nyali mguu unazama kwa kina tofauti kila hatua, kwa hiyo teremka hadi kwenye mchanga mbichi ulioshikana, maji yakiwa yametoka. Na kitu kikiwa karibu na lenzi, kuruka kunaonekana zaidi. Ukipita sentimita 50 kutoka ukutani katika kichochoro, ukuta utacheza. Ukiwa mita 3, hutauona ukicheza. Tumia lenzi pana, milimita 18 au simu bila zumu. Zumu hukuza kila kosa la mguu.

Mtetemo mdogo wa haraka

Mshukiwa wa kwanza ni vidole. Mkono wa kuongoza unagusa bomba chini tu ya kiungo, karibu kabisa na kitovu cha uzito, kwa kidole gumba na kimoja au viwili, kama unavyoshika kikombe cha kahawa chungu kilichotoka jikoni sasa hivi. Ukilikamata bomba, umekwisha kukiondoa kiungo kazini.

Mshukiwa wa pili ni kiungo chenyewe. Kiguse kwa pumzi: kipulizie bomba likiwa linaning'inia. Likisita kisha likaenda kwa kishindo, kuna msuguano. Mombasa chumvi iko hewani hata ukikaa mbali na ufuo, na beringi ya chuma cha kawaida inashika kutu ndani ya wiki chache. Ifungue, ioshe kwa mafuta ya taa hadi yatoke meupe, ikauke, kisha tia tone moja la oili ya cherehani. Usitie grisi. Grisi nzito ni ya gurudumu linalobeba mzigo na kuzunguka kasi, hapa itakuwa breki. Beringi ikishakwaruza hata baada ya kuoshwa, nunua nyingine, ni kitu cha bei nafuu.

Mshukiwa wa tatu ni nati iliyolegea. Gonga bomba kwa ukucha, sikiliza. Likilia kwa sauti ya kupasuka, kuna kitu kinacheza. Kaza zote, na kwenye nyuzi za zile usizozigusa mara kwa mara paka rangi ya kucha kidogo, zitashika na bado zitafunguka kwa spana.

Halafu upepo. Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi inavuma kutoka baharini, na ufuoni pale Lighthouse inaweza kulisukuma bomba lililosawazishwa vizuri kama tanga. Hapa, na hapa peke yake, nakubali uongeze washa moja au mbili ili anguko lishuke hadi sekunde 1 na nusu. Funga skrini ya pembeni, ondoa kofia ya lenzi, na simama upande wa demani (usikotoka upepo), upepo ukingwe na ukuta au na mwili wako mwenyewe. Ukishindwa, piga mapema asubuhi kabla upepo haujaamka.

Picha inajikunja au inasitasita

Kama kamera au simu yako ina utulizaji wa kielektroniki, uzime ujaribu. Programu hiyo inakata kingo za picha na kuzisogeza kufidia mtikisiko, na ikikutana na mwendo laini wa kifaa inaweza kung'ang'ania pale unapogeuka, kisha ikaruka. Jioni, mwanga ukiwa mdogo, inaacha ukungu unaokuja na kuondoka kwa kila hatua. Piga kipande kimoja ukiwa umeuwasha na kingine ukiwa umeuzima, njia ile ile, ulinganishe.

Kasi ya shata nayo. Kwa fremu 25 kwa sekunde, weka 1/50 ya sekunde. Jua la adhuhuri la hapa ni kali, na kamera ikiachiwa ijiamulie itakwenda 1/2000, kila fremu inakuwa kali kama kisu na kila mtikisiko mdogo unaonekana. Funga kioo cha giza mbele ya lenzi ili ubaki kwenye 1/50. Ndani ya ukumbi wa harusi 1/50 ina faida nyingine: umeme wetu ni wa Hz 50, hivyo taa za mirija zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na 1/50 au 1/100 zinaoana nazo. Ukiweka 1/60 utaona mawimbi ya giza yakipita ukutani.

Fokasi ya kujiendesha ikipumua, yaani picha ikififia na kukaza, izime pia. Kwa lenzi ya milimita 18 kwenye kamera ya APS-C (yenye kihisi cha ukubwa wa kati), tundu la lenzi likiwa f/8, weka fokasi kwa mkono kwenye mita 2 na kidogo. Kila kitu kuanzia mita 1 hivi hadi upeo wa macho kitakuwa wazi, na hutahitaji kuigusa lenzi tena. Ukumbini mwanga hautoshi kwa f/8, kwa hiyo fungua tundu na udumishe umbali wako na bibi harusi usibadilike.

Kifaa kilikuwa kizuri, kikaharibika baada ya siku moja ufuoni

Mchanga umeingia kwenye kiungo, au chumvi imekauka kwenye boliti ya robo inchi. Usikizungushe kwanza ili "uone", maana chembe moja ya mchanga inakwaruza njia ya vigololi na haitarudi kuwa laini. Kigeuze juu chini, kipige makofi mepesi, kipulize, ndipo ukifungue. Pangusa bomba na kibao kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, tia tone lako la oili, na boliti ya kamera ipake mafuta kwa ncha ya kidole ili siku ya harusi isikatae kufunguka. Kisha kabla ya kukirudisha begini, shika mpini, lilaze na kuliachia bomba mara moja tena juu ya godoro na uhesabu.